Senta Mmoja, Nafasi Sita: Uchambuzi wa Kisa cha Usajili katika Hoops Dynasty

Kisa hiki kinamhusu kocha wa Hoops Dynasty, mchezo wa kompyuta wa kuongoza timu ya kikapu, aliyempata mchezaji aliyemtaka. Kati ya visa vyote vya usajili ambavyo tumejadiliana na wenzangu, nimeona hiki ndicho chenye mafunzo mengi. Kocha akikosa, hurudi mwenyewe kutafuta alipokosea. Akipata, hupongezwa na kundi zima, na uamuzi ulioleta ushindi huo haukaguliwi na mtu.

Mwenye kisa ameniruhusu kukiandika. Nimeondoa majina ya vyuo, konferensi (kundi la vyuo vinavyoshindana pamoja), dunia (nakala ya mchezo inayojitegemea) na msimu, na takwimu za wachezaji nimezisogeza kidogo. Yeye nitamwita Kocha A, mpinzani wake Kocha B. Vijana wawili ambao kisa kinawazunguka nitawataja kwa nafasi zao uwanjani: Senta, mchezaji mrefu wa chini ya kikapu, na Gadi, mchezaji mwepesi anayeendesha mpira.

Usuli

Hoops Dynasty ni mchezo wa WhatIfSports unaochezwa kwenye kivinjari. Unapewa timu ya kikapu ya chuo cha Marekani, unaiongoza msimu baada ya msimu dhidi ya makocha wengine ambao ni watu halisi, na timu zisizo na mtu huendeshwa na kompyuta. Vyuo vina majina ya kweli, wachezaji ni wa kubuni. Kuna Divisheni ya Kwanza, ya Pili na ya Tatu. Hapa mchezo unaachana kidogo na maisha: katika michezo halisi ya vyuo, Divisheni ya Tatu haitoi udhamini wa michezo hata kidogo, lakini ndani ya mchezo kila timu ina nafasi 12 za udhamini, iwe kubwa au ndogo.

Kocha akishaipanga timu, mechi zinajiendesha zenyewe. Hakuna kitufe cha kurusha mpira. Ndiyo maana usajili ni zaidi ya nusu ya kazi ya kocha, na wanaodumu katika mchezo huu ni wale wanaoupenda usajili kuliko mechi.

Usajili una vipindi viwili, na kila kipindi kina mizunguko. Kocha ana fedha za kupeleleza vijana na kuwafanyia ziara, na ana alama za ufuatiliaji anazozigawa kila mzunguko. Vyote viwili huongezeka kadiri nafasi zilizo wazi zinavyokuwa nyingi. Kijana hafikiwi kwa kila kitu mara moja: ofa ya udhamini, ziara za nyumbani kwao, ziara ya chuoni na ahadi hufunguka baada ya kufuatiliwa kwa muda. Ahadi ni za aina mbili, kuanza mechi na kupewa dakika. Kila kijana ana mambo anayoyapenda na anayoyachukia: umbali na nyumbani, mafanikio ya timu au kinyume chake nafasi ya kuijenga upya, muda wa kucheza, mtindo wa ushambuliaji, mtindo wa ulinzi, nguvu ya konferensi, muda ambao kocha amekaa chuoni. Pia ana mwelekeo wa lini atasaini, mapema, mwisho wa kipindi cha kwanza, au baadaye.

Jambo la mwisho la usuli ndilo zito kuliko yote. Siku ya kusaini, kijana haendi moja kwa moja kwa aliyemfuatilia zaidi. Vyuo vilivyo karibu na anayeongoza vinaingia katika bahati nasibu yenye uzito: anayeongoza ana nafasi kubwa zaidi, lakini wa pili naye yumo.

Kocha A alikuwa Divisheni ya Pili, kwenye chuo chenye hadhi ya B- (mchezo huipima hadhi kwa herufi, A ikiwa ya juu). Alikuwa na misimu michache tu hapo. Alirithi timu inayocheza presi ya uwanja mzima, yaani ulinzi wa kumbana mpinzani kila mahali uwanjani, na alirithi kundi la wachezaji sita wa mwaka wa nne. Timu hiyo ilikuwa imetoka kucheza mashindano ya taifa. Sita kati ya 12 waliondoka pamoja.

Kilichotokea

Mwanzoni alifanya kazi nzuri. Kwa nafasi sita alikuwa na fedha nyingi kuliko karibu kila mtu katika konferensi, na alizitumia kupeleleza eneo pana badala ya kukimbilia majina ya juu kwenye orodha. Alipata vijana wapatao kumi wanaomfaa. Wawili walijitokeza juu ya wengine.

Gadi aliishi umbali wa saa moja na ushee kwa gari kutoka chuoni. Kasi na uchezaji wa mpira mkononi vilikuwa vizuri, mitupo ya mbali ya kawaida, stamina ya juu. Alipenda kukaa karibu na nyumbani na alipenda muda mwingi wa kucheza. Alielekea kusaini mwishoni mwa kipindi cha kwanza. Kwa timu ya presi, huyo ni mtu aliyekatwa kwa kipimo chao.

Senta alikuwa mbali, majimbo kadhaa. Alama yake ya kuzuia mipira ilikuwa 78, ya ribaundi (kudaka mipira iliyokosa kikapu) 71, na alikuwa na uwezo wa kukua katika karibu kila kitu. Uchezaji wa chini ya kikapu ulikuwa 24 tu, stamina 58, mitupo huru alama ya D. Alipenda kuwa karibu na nyumbani, alipenda timu yenye mafanikio, na angesaini baadaye. Mtu yeyote anayeujua mchezo huu akiona kuzuia 78 kwa kijana ambaye hajaanza chuo, tena ndani ya Divisheni ya Pili, moyo humdunda.

Katika mizunguko ya kwanza Kocha A aliwafuatilia wote wawili, pamoja na wengine wanne. Kisha jina la Kocha B likatokea kwa Senta. Kocha B alikuwa katika konferensi hiyo hiyo, hadhi A-, chuo kilicho karibu zaidi na kwao Senta, na alikuwa na nafasi mbili tu wazi.

Hapo ndipo kisa kilipopinda. Kocha A alihamisha alama kutoka kwa Gadi na wengine kwenda kwa Senta. Mzunguko uliofuata akaongeza tena. Akafungua ziara za nyumbani na kuzifanya nyingi, na kwa umbali ule kila ziara ilimla fedha. Akaahidi kuanza mechi. Akaahidi dakika 20. Kipindi cha kwanza kilipokaribia mwisho, zaidi ya nusu ya alama zake zilikuwa kwa mtu mmoja, na bado Senta alimwonyesha nia ya kiwango cha "juu" wakati Kocha B alikuwa na "juu sana".

Gadi alisaini mwisho wa kipindi cha kwanza, kama alivyoonyesha tangu mwanzo kwamba angefanya. Alikwenda kwa timu inayoendeshwa na kompyuta, timu ambayo haikumfanyia hata ziara moja ya maana. Alama chache zaidi zingetosha kumbakiza.

Mmoja wetu alimwandikia Kocha A wakati wa mapumziko kati ya vipindi: "Kaka, huyu senta ukimkosa unabaki na nani?" Alijibu, "Nikiacha sasa, vyote nilivyoweka vimepotea."

Kipindi cha pili kilipofika, aliendelea. Na Senta akasaini kwake.

Maamuzi na sababu zake

Kocha A si mchezaji mzembe. Kila hatua ilikuwa na sababu, na sababu hizo zinasikika vizuri ukizisikiliza moja moja.

Ya kwanza: aliamini ana nguvu kuliko mpinzani kwa sababu ana nafasi sita dhidi ya mbili. Ya pili: senta wa aina ile hupatikana mara chache Divisheni ya Pili, kwa hiyo anastahili bei ya juu. Ya tatu: ahadi hazina gharama ya fedha, basi kwa nini asizitoe? Ya nne ni ile aliyoijibu kwenye ujumbe, kwamba ameshaweka mengi mno kurudi nyuma.

Kuhusu Gadi, alidhani yuko salama. Alikuwa akiongoza, na timu ya kompyuta haikumtisha. Hakurudi kuangalia pengo lilivyokuwa likipungua kila mzunguko alipopunguza alama.

Matokeo

Mbali na Senta, alipata vijana wawili wa mwaka wa kwanza ambao walikuwa chini ya orodha yake ya awali, na mchezaji mmoja kutoka chuo cha miaka miwili aliyemgundua kipindi cha pili. Nafasi mbili zilizobaki zilijazwa na wachezaji wasio na udhamini, ambao kwa kweli hawawezi kuingizwa uwanjani mechi ikiwa na maana yoyote.

Presi ya uwanja mzima inakula watu. Inachosha, inaongeza faulo, na inataka wachezaji kumi au zaidi wanaoaminika. Kocha A alikuwa na kumi kamili, wanne kati yao wakiwa wageni katika mfumo. Katika Hoops Dynasty kila mchezaji ana alama ya kuuelewa mfumo wa ushambuliaji na wa ulinzi, na alama hiyo hupanda polepole kwa mazoezi na mechi. Mwaka wa kwanza huwa duni.

Senta alianza kila mechi kama alivyoahidiwa. Mwenye stamina 58, ndani ya presi, alichoka mapema na kukusanya faulo. Alizuia mipira kweli, hilo lilionekana, lakini kila timu iliyomchezea faulo ilijua anapiga mitupo huru vibaya. Katikati ya msimu, baada ya mfululizo wa vipigo, Kocha A alimtoa kwenye kikosi cha kuanza ili kuokoa msimu. Ahadi ikavunjika. Timu ilimaliza nusu ya chini ya konferensi, haikufika mashindano ya taifa, hadhi ikashuka, na mwisho wa mwaka Senta akaondoka kwenda chuo kingine.

Kocha B, aliyemkosa Senta, alikuwa ameweka fowadi mmoja wa chuo cha miaka miwili akiba tangu kipindi cha kwanza, kwa alama kidogo za kumweka joto. Alipomkosa Senta akamgeukia huyo ndani ya mzunguko mmoja, na akampata.

Uchambuzi: wingi wa alama na uzito wake

Hesabu ya Kocha A ya sita dhidi ya mbili ilikuwa sahihi kama hesabu, na ilimpoteza kama mkakati. Alama moja ya ufuatiliaji haina uzito mmoja kwa kila chuo. Hadhi ya chuo na mapendeleo ya kijana huiongezea au kuipunguzia nguvu. Senta alitaka karibu na nyumbani: Kocha A alikuwa mbali. Alitaka mafanikio: wote wawili walikuwa nayo, lakini hadhi ya Kocha B ilikuwa juu zaidi. Kwa hiyo alama za Kocha A zilifika kwa Senta zikiwa zimepungua, na za B zilifika zimeongezeka. Tena nafasi sita zinakupa alama za watu sita. Ukizimimina kwa mmoja, unaziondoa kwa watano ambao bado unawahitaji. Kocha B alihitaji wawili tu, na kwa hiyo hata nusu ya alama zake kwa Senta haikumwacha uchi.

Kwa Gadi hali ilikuwa kinyume kabisa. Karibu na nyumbani, dakika za kucheza zipo tele kwa kuwa sita wameondoka. Kila alama iliyotoka kwa Gadi kwenda kwa Senta ilitoka mahali inapoongezewa nguvu kwenda mahali inapopunguzwa. Nikiombwa kutaja kosa moja katika kisa chote, ni hili.

Uchambuzi: bahati nasibu

Sasa tuseme, kwa makadirio yangu, kwamba nafasi ya Kocha A kumpata Senta siku ya kusaini ilikuwa kama asilimia 35. Na tuseme alama zile zile zingeweza kumpa vijana wawili wa aina ya Gadi, kila mmoja kwa asilimia 70. Njia ya kwanza inampa wastani wa wachezaji 0.35, na uwezekano wa asilimia 65 wa kubaki mikono mitupu. Njia ya pili inampa wastani wa wachezaji 1.4, na uwezekano wa kuwakosa wote wawili ni 0.3 mara 0.3, yaani asilimia 9.

Ili njia ya kwanza ilipe, Senta mmoja lazima awe na thamani ya Gadi wanne. Wapo wachezaji wa namna hiyo. Lakini hawawi na thamani hiyo mwaka wa kwanza, na hawawi nayo ndani ya mfumo unaowanyima pumzi.

Kundi letu lilimpongeza sana siku ile. Bahati nasibu iliangukia kwake, na kwa wiki nzima ilionekana kama ustadi. Ingeangukia kwa B, uamuzi ungekuwa ule ule, alama zile zile, ahadi zile zile, na kila mtu angeuita upumbavu. Naamini tunapaswa kumkagua kocha kwa kile alichokijua alipokuwa anagawa alama, na alichokijua Kocha A mwishoni mwa kipindi cha kwanza ni kwamba yuko nyuma kwa mtu aliye karibu na kijana kuliko yeye.

Uchambuzi: ahadi

Ahadi haikuonekana kwenye bajeti ya usajili kwa sababu hulipwa msimu unapoanza, na hulipwa kwa dakika. Kumwahidi kijana mwenye stamina 58 dakika 20 ndani ya presi ni kuahidi dakika ambazo mwili wake hauna.

Makocha wengi hufikiri swali la ahadi ni "je, itanisaidia kumpata?" Swali linalofaa ni kama ungempa kijana huyo dakika hizo hata kama hakuziomba. Gadi angepewa. Timu haikuwa na gadi mwingine wa maana. Ahadi kwake isingegharimu kitu chochote, na ndiye ambaye hakuahidiwa.

Watu warefu walio wabichi wanahitaji muda, na sisi wa Afrika Mashariki tuna mfano tunaoujua. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alifika University of Connecticut mwaka 2006. Kuzuia mipira alikuja nako tayari. Kufunga hakukuwa tayari: msimu wa kwanza wastani wake ulikuwa pointi 6.2 kwa mechi. Msimu wa tatu, 2008/2009, ulifika pointi 13.6, ribaundi 10.8 na mipira 4.2 iliyozuiwa, timu ikafika nusu fainali ya taifa, na Memphis Grizzlies wakamchagua wa pili kwenye drafti ya NBA ya 2009. Senta wa kisa hiki alikuwa na umbo la takwimu linalofanana na hilo, na angeweza kustahili subira ya namna hiyo. Kwa chuo kilichokuwa na senta mzee wa kuanza, yeye akakaa mwaka mzima akifanya mazoezi ya chini ya kikapu na stamina bila kupoteza haki yake ya kucheza miaka minne, angekuwa mchezaji wa kuogopwa mwaka wa tatu. Kocha B alikuwa na nafasi hiyo. Kocha A hakuwa nayo, na ahadi aliyotoa iliifunga kabisa.

Kilichofanya kazi

Upelelezi mpana wa mwanzo ulimwokoa. Wale vijana wawili wa mwaka wa kwanza aliowapata walikuwa kwenye orodha yake kwa sababu alipeleleza kwa upana. Bila hiyo angekuwa na wachezaji wanne wasio na udhamini. Na fedha kidogo alizoziacha bila kutumia kwenye ziara ndizo zilizomletea yule mchezaji wa chuo cha miaka miwili, aliyeishia kuwa mfungaji bora wa timu. Huyo alipatikana kwa alama chache, katika mizunguko michache, kwa sababu hakuna aliyemgombea. Linganisha na gharama ya Senta.

Pia alikuwa sahihi kuhesabu nafasi za mpinzani. Makocha wengi hawafanyi hata hilo. Angeendelea hatua moja, akahesabu na umbali, angeacha mapema.

Wapo waliopinga uchambuzi huu, na hoja yao ina uzito. Wanasema Divisheni ya Pili huwezi kuchukua ubingwa wa taifa kwa kusajili watu wa kawaida wanaokupenda. Lazima mara moja moja ushinde vita ambavyo hukutakiwa kushinda. Nakubali. Lakini vita hivyo hupiganwa ukiwa na nafasi tatu wazi, benchi limejaa, na mtu wa pili amewekwa joto kama alivyofanya Kocha B. Mwaka wa nafasi sita ni mwaka wa kujaza benchi.

Hali ilivyo sasa

Tatizo la msingi Kocha A hakulisababisha: alirithi kundi la sita, na timu ya watu 12 yenye mpangilio mzuri huondokewa na watatu hivi kila mwaka. Kilicho mikononi mwake ni kulivunja kundi hilo lisijirudie. Kuondoka kwa Senta na kuwepo kwa mchezaji wa miaka miwili kumesaidia bila kukusudia. Msimu uliofuata alianza na gadi wa karibu, akampa ofa mzunguko wa kwanza ilipofunguka, na akamwambia kijana mwingine wa mwaka wa kwanza, kabla kijana huyo hajasaini, kwamba atakaa mwaka mzima bila kucheza. Kijana akakubali. Ulinzi ni presi bado. Kubadili mfumo kungewarudisha wachezaji wote kwenye alama za chini za uelewa. Ameamua kusubiri mpaka awe na kumi na moja wanaocheza.